Chiriku Anapofumba Macho

4 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, maana najua ukianza kuisoma umesimama utaiacha nusu ukimbilie magunia yako. Huku sisi wazima. Baba Chiriku bado ni mlinzi kwenye bohari la mbao, mchana analala, na sisi tunanyata ndani kama wezi. Mimi bado niko kwenye karakana ya sare za shule. Nimetolewa kwenye vifungo nikapelekwa kwenye kola, na kola ndiyo anayoanza kuitazama msimamizi, kwa hiyo ni kama nimepandishwa cheo bila mtu kuniambia. Mgongo unauma kidogo. Si kitu.

Nilikupigia simu hukupokea, nikapiga tena. Halafu nikakumbuka ulishasema simu zinakuchosha, tuandikiane. Basi naandika. Mwandiko wangu unaujua, shule niliiacha njiani, usinicheke.

Habari kubwa ni hii. Ile ghorofa ya juu tulikokuwa tunaweka marobota ya vitambaa imesafishwa, na mwenye karakana amempa mama mmoja, mwalimu, atufundishe muziki. Si kwaya, Shangazi. Kwaya inachagua watu, yeye hachagui. Siku ya kwanza alishuka mpaka kwenye vyerehani akasema, "Kazi ikiisha, kila mwenye pumzi apande juu, na mtoto wake." Mpagazi wetu, yule tunayemwita Injini kwa sababu ya sauti yake, akamwambia, "Mwalimu, mimi nikiimba majirani wanahama." Mwalimu akamjibu, "Watahamia kwetu. Panda."

Hana kinanda wala gitaa. Anasema chombo cha kwanza kila mtu amezaliwa nacho kooni. Anatufundisha do re mi kwa mikono. Do ni ngumi, usawa wa kiuno. Mi ni kiganja kimelala kama unapapasa meza. Sol ni kiganja kinachokutazama kifuani. Sauti ikipanda, mkono unapanda. Yeye anaonyesha, sisi tunaimba. Tumempa jina la Mama Mikono. Analijua, anacheka tu.

Sasa huyu mjukuu wako. Yeye ndiye wa kwanza kati ya watoto wote, na wakubwa pia. Mkono wa mwalimu haujatulia, Chiriku ameshaimba. Sauti yake inapotea mara mojamoja, lakini mkono haumpotei hata kidogo. Mwalimu aliniita pembeni akaniambia, "Mtoto wako ana macho ya ajabu." Nilishuka ngazi kama nimebebwa. Labda mtoto huyu atakuwa mtu, Shangazi. Mimi sikuwa na kipaji cha kitu chochote isipokuwa kushona mstari ulionyooka.

Anaongea vilevile, jina lake linamstahili. Hata ukimkatiza haachi.

Wako mwanao,
Mama Chiriku


27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Nilikuwa nimekaa, tena juu ya gunia, kwa hiyo uliotea vizuri. Kiwanda cha unga bado kinasaga, na mimi bado nimekaba nafasi yangu ya mshonaji mkuu wa midomo ya magunia. Wametuletea mashine mpya, inapiga kelele kuliko ile ya zamani. Msichana mgeni alizimia siku ya kwanza, wakasema ni joto. Sisi wazoefu tunaelewana kwa midomo na vidole. Huyo Mama Mikono wako angepata kazi huku siku hiyohiyo.

Nimefurahi kwa habari za kuimba. Pole na mgongo. Weka mto nyuma, usijifanye chuma.

Sasa nijibu mambo mawili, wala usiniulize kwa nini. Ukimwita Chiriku akiwa amekupa mgongo, anageuka? Na unapoongea naye, anakutazama machoni au mdomoni?

Nijibu hayo hata kabla ya salamu. Na usinipigie simu.

Shangazi yako


2 Aprili

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Shule zinafunguliwa na kila mzazi amekumbuka siku hiyohiyo kwamba mtoto wake amerefuka. Tunashona mpaka vidole vinakufa ganzi. Mto nimeweka, ahsante, na sasa mgongo unauma upande mmoja tu. Baba Chiriku anakusalimu. Jirani yetu muuza mkaa amepata mapacha, wote wa kike, anatembea kama amepigwa na rungu.

Chiriku amechaguliwa asimame mbele siku tutakapowaimbia wazazi na majirani. Mwalimu atakuwa nyuma ya watu anaonyesha mikono, na Chiriku atakuwa anaongoza. Nimeshamkatia gauni kutoka kwenye vipande vilivyobaki, bluu juu, nyeupe chini. Mwenye karakana anajua, aliniruhusu.

Kuhusu maswali yako sikuyaelewa vizuri. Watoto wote wakicheza hawageuki. Siku hizi anacheza sana na vifungo, anavipanga sakafuni kwa rangi, na akizama kwenye vifungo hata nyumba ikiungua utamkuta hapohapo. Ni umri.

Baba yake anasema ni kiburi. Juzi alirudi kazini akasimama mlangoni, akamwita, akamwita tena, mtoto kimya na vifungo vyake. Akaja kwa nyuma akampiga kofi la bega, si kubwa. Hakulia kwa maumivu, Shangazi. Alishtuka, ule mshtuko wa mtu aliyeangukiwa na kitu kutoka darini. Alinitazama mimi kama anauliza kimetoka wapi. Nilimwambia baba yake ampe muda.

Ni umri tu. Msalimie kila mtu kiwandani.

Mwanao,
Mama Chiriku


15 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Huku kuzuri.

Umejaza kurasa mbili kujibu kitu kinachojibiwa kwa ndiyo au hapana, na bado hukunijibu.

Mwambie mume wako asimpige. Sihitaji maelezo ya ukubwa wa kofi. Kuanzia leo, mkimwita, mzunguke mkasimame mbele yake kwanza.

Kisha uniandikie.

Shangazi yako


9 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Watu wakiandika barua huwa wanasema hofu yao iko kwa aliye mbali. Hofu yangu mimi haikusafiri. Iko humu chumbani, imekaa sakafuni, inapanga vifungo.

Nikueleze ilivyokuwa. Siku ile tulipanda juu kama kawaida. Mwalimu akasema, "Leo mikono inapumzika. Fumbeni macho. Nitaimba, na nyinyi mtanirudishia nilichoimba. Msikie, msitazame." Watu wakafumba. Injini akasema, "Nikilala mniamshe," watu wakacheka. Mimi nilifumba jicho moja, la pili nikaliacha lione mwanangu.

Chiriku alikuwa ameyafumba yote mawili, kwa nguvu, mikono magotini, kama mtoto mtiifu. Mwalimu akaimba sol, mi. Sote tukarudisha. Chiriku kimya. Akaimba nyingine, tukarudisha. Chiriku kimya, anatabasamu. Alikuwa anangoja, Shangazi. Alidhani somo halijaanza. Watu wote wanaimba kumzunguka, na mwanangu amekaa katikati amefumba macho anangoja tuanze.

Mwalimu alitunyamazisha kwa kidole. Akavua viatu, akazunguka nyuma yake, akainama akaimba karibu na sikio, polepole. Chiriku akakunja uso kidogo, kama mtu aliyepitiwa na nzi. Basi. Injini, ambaye hakuna kitu asichokifanyia mzaha, alikuwa anatazama viatu vyake.

Nikasimama nikasema, "Mwalimu, ana usingizi huyu." Akasema, "Mama Chiriku, kaa tuongee kidogo." Nikasema nimeacha sufuria jikoni. Sikuwa nimeacha sufuria yoyote. Nilimbeba nikashuka, na tangu siku hiyo hatujapanda tena. Gauni liko kwenye msumari. Siku ya kuwaimbia wazazi ilipita, tuliwasikia kutoka chini. Niliwasikia mimi.

Sasa kila siku namjaribu. Akinipa mgongo namwita kwa sauti ya chini, halafu ya juu, halafu napiga kofi, halafu napiga kifuniko cha sufuria. Mwanzoni alikuwa hageuki mpaka kifuniko. Sasa amejua kwamba kuna kitu nakitaka. Akiona kivuli changu ukutani, au akimwona paka ameinua kichwa, anasema haraka, "Nimesikia, Mama."

Jana sikuwa namjaribu. Nilikuwa napita tu na ndoo tupu naelekea bombani, sijasema neno. Bila kugeuka akasema, "Nimesikia, Mama."

Niliifudikiza ile ndoo nikaikalia.

Baba yake sijamwambia. Anasema mtoto siku hizi ana adabu, anaitika upesi.

Uliniuliza yale maswali tangu Februari. Ulijuaje? Nimeogopa kukuuliza, na sasa naogopa zaidi kutokujua.

Mama Chiriku


20 Mei

Mwanangu mpenzi, binti wa kaka yangu,

Nimeiandika barua hii mara nyingi nikaichana. Hii naituma hata ikiwa mbaya.

Nilijua kwa sababu mimi ndivyo nilivyokuwa. Mimi sisikii. Si kwamba sisikii vizuri. Sisikii. Ndiyo maana sipokei simu zako. Sikuchoshwa na simu, mwanangu, naiona inawaka mezani na jina lako juu yake, naigeuza kifudifudi.

Ilianza nikiwa msichana. Kwanza walipotea ndege. Nilidhani wamehama. Halafu sauti za wanawake na watoto zikawa kama zinatoka ndani ya blanketi. Za wanaume zilichelewa kuondoka. Baba yako alijua, ndiye pekee. Tulikuwa na bibi upande wetu ambaye watu walimwita Maringo kwa sababu alikuwa haitikii salamu. Hakuwa na maringo yoyote yule bibi. Maskini, hakuna aliyezunguka mbele yake.

Unajua kwa nini nilikimbilia kiwanda cha unga? Kwa sababu kwenye mashine hakuna anayesikia. Wote wanatazamana midomo, wote wanaongea kwa vidole, na mimi nilikuwa nimeshajua kabla yao. Walinisifu siku ya kwanza. Wengine wameingia humu na masikio wakayaacha, mimi niliingia kujificha.

Nilikuchukua baba yako alipofariki, wewe bado wa kubebwa. Watu walisema nina moyo. Hakuna aliyejua nilikuwa nalala na kiganja changu juu ya kifua chako, ili ukilia nijue. Ulipokua, kila siku nilikuwa nakuita kwa nyuma. Uligeuka. Kila siku uligeuka, mpaka ukaolewa. Nikajiambia, basi, limeishia kwangu. Kwa hiyo sikukwambia. Ulipopata mtoto, nikasema, kwa nini nimtie hofu mtu anayenyonyesha. Halafu ukaniandikia kwamba mtoto ana macho ya ajabu.

Mpeleke hospitali, kwa daktari wa masikio. Usingoje barua yangu nyingine. Mwambie mume wako leo. Kama hutaki kumwambia, mpe barua hii aisome mwenyewe.

Na uache kumjaribu. Unamfundisha kudanganya, na atakuwa hodari. Mimi hapa ni hodari.

Shangazi yako


30 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Wewe unasema huku kuzuri hata pakiwa pabaya, mimi leo siwezi.

Nilikasirika. Nikuambie ukweli, barua yako niliikunja nikaitia chini ya cherehani na nikashonea juu yake kola za siku nzima. Nilikuwa nasema, angeniambia kabla sijazaa. Halafu nikajiuliza, angeniambia ningefanya nini? Ningemwacha asizaliwe? Nikamtazama anapanga vifungo vyake, nikaona aibu, nikaitoa barua nikampa baba yake.

Aliisoma amesimama. Akaisoma tena amekaa. Akasema, "Kumbe." Asubuhi iliyofuata alipotoka kazini hakulala, alivaa shati safi akasema twende.

Hospitalini wana chumba kidogo chenye kuta za sponji. Ukiingia unasikia damu yako mwenyewe. Wakamvalisha Chiriku vitu vya masikioni, wakampa bakuli na vibao vya rangi. Kila akisikia mlio, atie kibao kimoja bakulini. Shangazi, alitia vyote. Muuguzi akatabasamu, na mimi nikasema tumekosea, anasikia, twendeni nyumbani. Kisha muuguzi akatazama kioo kilichokuwa mbele ya mtoto, akatazama mkono wake mwenyewe unaobonyeza kitufe cha mlio. Akaja akakigeuza kiti cha mtoto kikaelekea ukuta.

Wakaanza upya. Kibao kilibaki mkononi. Akakishika, akakishika, mpaka kikalowa jasho. Baba yake alitoka nje.

Daktari anasema zile sauti nyembamba na za juu karibu zote zimeondoka, zile nzito bado zipo. Watampa vifaa vya kuvaa masikioni, vitamsaidia. Nikamuuliza kama zilizobaki nazo zitaondoka. Akasema, "Sijui, mama. Inawezekana. Tutampima tena na tena." Nilitaka daktari anidanganye kidogo. Hakunidanganya.

Usiku huo niliota niko kwenye ghorofa ya juu naimba na mdomo wangu hautoi kitu.

Baba Chiriku siku hizi akirudi anapiga mguu sakafuni mara moja mlangoni, mtetemo umfikie, halafu anakuja anachuchumaa mbele yake ndipo aongee. Habari ya lile kofi hajaisema. Ila amekinunulia kile chumba balbu kubwa zaidi, anasema mtoto aone vizuri midomo yetu. Sasa tunaishi kama kwenye duka.

Sijampandisha tena juu kwa Mama Mikono. Naogopa. Watu wataimba, na yeye atakaa pale, na mimi nitaona.

Mwanao


14 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Ulikuwa na haki ya kukasirika, na cherehani ni mahali pazuri pa kuwekea barua za watu kama mimi.

Sikiliza mambo ya kazi. Ukiongea naye usitafune. Usijifunike mdomo ukicheka. Simama upande wenye mwanga, siyo mwanga uwe mgongoni kwako. Usipaze sauti, kupaza kunaharibu midomo. Akichoka mwache achoke, kusikiliza kwa macho kunachosha kuliko kubeba magunia. Hayo ndiyo niliyonayo, sikuwahi kumpa mtu, kwa sababu kuyatoa ni kujitaja.

Mwambie mume wako balbu ni wazo zuri.

Umeniuliza katika pembe ya ukurasa kama na mimi nitakwenda kupimwa. Kiwanda kimepata mikanda mipya na kazi ni nyingi mno.

Mrudishe kuimba. Mimi hakuna aliyenikataza kuimba, niliacha mwenyewe siku moja nikifua, nikaogopa kwamba sijui ninachotoa mdomoni. Nikafunga mdomo, nikamaliza kufua, na ndiyo ikawa basi. Nilikuwa napenda sana kuimba.

Mrudishe.

Shangazi yako


3 Septemba

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku mvua, nguo hazikauki, mapacha wa muuza mkaa wameota meno na mtaa mzima unajua. Mgongo umenyamaza. Tumemaliza sare, sasa tunashona makoti ya wauguzi. Daktari yule anapima hata watu wazima, tena hupangi foleni ukija na mtoto. Sisemi zaidi.

Chiriku amepata vifaa vyake. Viwili, vidogo, vina rangi ya karanga, vinakaa nyuma ya masikio kama vimelala. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku hiyo. Nilidhani nitamwita na atanikimbilia. Walipoviwasha aliruka akanikumbatia miguu, akalia. Bomba lilikuwa linadondoka kwenye sinki la daktari, na yeye akauliza nani anapiga. Njiani alifunika masikio. Nyumbani aliniomba nivue ndala, eti zinasema sana. Baba yake alipopiga mguu wake mlangoni, mtoto akaingia chini ya meza. Siku kadhaa tulitembea peku sote watatu.

Nikampandisha juu, kama ulivyosema. Watu wakatupisha kama tumefiwa. Mama Mikono hakutupa pole wala nini. Akasema, "Mmechelewa, kaeni," akainua mkono.

Tuliimba. Chiriku alifungua mdomo kama zamani, macho kwenye mkono, akaanza kwa nguvu zake zote. Katikati akanyamaza. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akaimba tena kidogo, kichwa kimeinama upande, akanyamaza tena. Akaweka kiganja mdomoni.

Alikuwa amejisikia, Shangazi. Ndiyo mara ya kwanza. Alikuwa amesikia sauti za wenzake, na amesikia yake, na amesikia kwamba haziko mahali pamoja.

Baada ya hapo hakuimba. Wala nyumbani. Na kuongea kukapungua. Anajibu kwa kichwa. Mtoto niliyekuwa namwomba anyamaze nimalize kupika, sasa napika nasikia mafuta tu. Niliogopa miezi yote kwamba hatasikia. Hofu ya kwamba atasikia sikuwa nayo, haikunipitia kichwani. Asubuhi moja nilivichukua vile vifaa nikaviweka kabatini, nikasema labda bila hivi mwanangu atarudi. Akaja akasimama mbele ya kabati, akainamisha kichwa nimvalishe. Nikamvalisha. Nilikumbuka ulivyofunga mdomo ukifua, nikashindwa kukiweka cha kushoto mpaka baba yake akanisaidia.

Wiki iliyofuata Mama Mikono hakuinua mkono. Alikuja akakaa sakafuni mbele ya Chiriku, mahali penye mwanga wa dirisha, akamuuliza, "Unajua do inakaa wapi?"

Chiriku akaonyesha ngumi kiunoni.

"Hapo ni mkono. Sauti yake iko wapi?"

Mtoto akatazama watu wazima, kama kusema ni wao wanaojua.

"Hawajui," mwalimu akasema. "Do haina kwake. Anayeanza ndiye anayeiweka, halafu wengine wote wanapanga zao kutoka hapo. Mpaka leo nimekuwa naiweka mimi. Leo nimechoka. Iweke wewe."

Niliomba mtu akohoe. Injini alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili kama yuko mahakamani. Chiriku akanitazama, nikataka kumwambia asiogope, nikaona midomo yangu itatetemeka na ataisoma, nikaifunga.

Akatoa sauti. Chini kabisa, nzito, kule ambako bado kuna kitu kimebaki, kama mtu anayesukuma kabati. Hakuna mtoto anayeimba huko.

Mama Mikono akafanya ngumi usawa wa kiuno. "Hiyo ndiyo do," akasema. "Iendelee. Watu wote, mfuateni."

Injini aliipata wa kwanza, ilikuwa mtaa wake. Wanaume wengine wakamfuata. Sisi wanawake tukabaki tunapapasa, mmoja anaguna, mwingine anakoroma, msimamizi wa kola akapotea kabisa akaanza kucheka na kukohoa. Na Chiriku amekaa katikati anaishikilia sauti yake, anavuta pumzi, anairudisha palepale, na anasikia watu wakija kwake, mmoja baada ya mmoja.

Hofu bado ipo, Shangazi. Ipo kila akivua vifaa alale. Daktari anamwita tena mwisho wa mwaka, na sijui atakuta nini. Siku nyingine naamka nikitaka kumjaribu, najishika mkono.

Lakini siku ile nilikuwa nimejibana pembeni yake, nazama, natafuta, na kinachotoka kooni mwangu ni kama kiti kinachoburutwa. Akainua kichwa. Akasikiliza, kweli alisikiliza, akanivuta sketi.

"Mama," akasema, "chini kidogo."

Nikashuka. Bado sikuifikia, na yeye akaishikilia, akanisubiri.

Mwanao,
Mama Chiriku